Kisichomo Kwenye Mwongozo

1

Mtoto alijibu sawasawa, akapigwa kosa.

Madam Bibiana Mzeru alikuwepo, na hakusema neno. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya Mto Luhombe, fomu ya tathmini mapajani, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Mbele yake mwalimu tarajali mmoja, kijana mrefu aliyevaa tai ya kuazima, alikuwa anafundisha watoto wa darasa la nne walioletwa kutoka shule ya jirani. Andalio lake la somo lilikuwa safi kabisa: malengo yapo, zana zipo, majibu yanayotarajiwa yapo.

"Haya, watoto. Tazameni mtoni. Nani ataniambia, ndani ya maji kuna nini?"

Mikono ikapanda. Akateua msichana mmoja mwenye pengo mbele, mdogo hivi, viatu vikubwa kuliko miguu. Mtoto yule hakukimbilia kujibu. Alichutama, akaangalia maji, akasogea, akaangalia tena. Akainuka.

"Hakuna kitu, mwalimu."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu tarajali akachungulia andalio lake: samaki, konokono, wadudu, mimea ya majini. Hapakuandikwa "hakuna kitu" popote.

"Si kweli. Kaa chini. Mwingine?"

"Samaki!" akapaza sauti mmoja wa nyuma ambaye hata mto alikuwa hajautazama.

"Vizuri sana! Mpigieni makofi."

Makofi yakapigwa. Madam Bibiana akaandika: *Anamudu darasa. Anauliza maswali vizuri.* Kalamu ikasita. Yule msichana alikuwa bado amesimama ukingoni, hakukaa, anautazama mto kwa uso wa mtu aliyeonewa. Baada ya somo Madam akamfuata, magoti yakimlalamikia.

"Mbona hukukaa ulipoambiwa?"

"Kwa sababu kweli hakuna kitu, bibi. Njoo uangalie."

Jamani, miaka ishirini na sita mtu anafundisha sayansi kwenye chuo hicho hicho, kando ya mto huo huo, halafu anaitwa kuangalia na mtoto wa darasa la nne! Alichutama. Maji yalikuwa meupe mpaka chini, kokoto moja moja unaihesabu. Chini kabisa kobe mmoja alikuwa anajikokota taratibu akifanya kazi yake. Kobe peke yake. Madam akapitisha mkono juu ya jiwe. Lilikuwa limesuguliwa kama sufuria siku ya sikukuu, halina ukoga, ule utelezi wa kijani, hata wa dawa. Mawe yale yale yalimwangusha mara mbili ujanani, moja likamvunja kifundo cha mkono. Sasa ungeweza kukimbia juu yake.

Akaichukua ile fomu, akafuta alichoandika, na akashindwa kupata cha kuandika badala yake.

2

"Niopoleeni kobe mmoja," aliwaambia wanachuo wawili waliokuwa wanakusanya viti. "Namba moja. Yule wangu."

Walimvuta kwa ndoano mpaka nchi kavu. Hakuwa mzuri wa kutazama, hakuna kobe aliyekuwa mzuri: beseni mbili za kufulia zimefunikana, zimezibwa kwa lami, mota ya feni la mezani tumboni, kibao cha umeme wa jua mgongoni, mdomo unaofunguka na kufunga kama droo, na mfuko wa wavu chini ya tumbo. Kila mwalimu tarajali wa sayansi alitakiwa kuunda wake kwa mikono yake. Tangu wizara ilipokigawia kila chuo cha ualimu mto wa kulea, hakuna aliyepata cheti cha kufundisha sayansi bila kobe. Wanachuo waliungua vidole kwa kulehemu, wakalia, wakaapa kwamba walikuja kusomea ualimu na si ufundi. Mwishowe kobe wakaogelea, mia mbili na kumi.

Kitu kimoja tu hawakukiunda wao, nacho ni kadi ya fahamu. Ilikuja na wizara, ukubwa wa biskuti, na ilikuwa mbumbumbu kabisa. Kobe alikuwa hajui maji ni nini wala tope ni nini mpaka afundishwe, tena hakubali kufundishwa kwa picha. Unamtia kitu chenyewe mdomoni, anakionja, anakipima, anakuuliza. Ukimwambia "tiki", anakirudisha mtoni. Ukimwambia "kosa", kinakwenda kwenye mfuko, na kutoka kwenye mfuko kinakwenda shimoni nyuma ya bweni. Alichofundishwa mmoja aliwagongea wenzake chini ya maji, tap-tap-tap, na baada ya wiki kila kobe anakijua. Kobe mpya alimsikiliza aliyemuunda, ila akishajiunga na wenzake, sauti ya mwalimu wa kwanza ndiyo waliyoitii wote.

Mwalimu wa kwanza alikuwa Madam Bibiana. Nani tena?

"Kobe," alisema, "soma ulichofundishwa."

Kobe akasoma kwa sauti ya Madam mwenyewe, maana hakuwa na nyingine.

"Maji, tiki. Mchanga, tiki. Kokoto, tiki. Jani bichi, tiki. Mzizi wa tete, tiki. Samaki mzima, kuanzia urefu wa kiganja, tiki. Mfuko wa plastiki, kosa. Sumu ya kiwanda cha ngozi, kosa. Mafuta, kosa. Kinyesi, kosa. Kitambaa, kosa." Akanyamaza kidogo, kama mtu anayefunua ukurasa. "Mayai ya ningu, kosa. Vinginevyo vyote, kosa."

"Rudia mwisho."

"Vinginevyo vyote, kosa."

Ukiacha yale mayai, vitu kumi na kimoja. Ndio uliokuwa mwongozo wa usahihishaji, na aliuandika yeye, jioni moja, akiwa amechoka. Alipomaliza kumfundisha, kobe alimuuliza: *Na vinginevyo?* Naye akajibu bila hata kuinua kichwa, kwa mazoea tu. Msahihishaji yeyote angejibu vile. Umekaa na rundo la mitihani, mwanafunzi kaandika jambo lake la ajabu, huna muda wa kufikiri kama ni kweli, unatazama mwongozo. Halimo. Sifuri. Unaenda kwa mwingine. Basi ukoga ukapigwa sifuri, konokono sifuri, viluwiluwi, watoto wa kereng'ende, vyote mpaka shimoni. Samaki wakubwa waliachwa kama mwongozo ulivyotaka, wakaogelea kwenye maji safi yasiyo na cha kula, wakaisha mmoja mmoja.

Lakini lile la mayai ya ningu, samaki wa mto ule, halikutokana na uchovu. Lile alilifundisha akiwa macho, mchana kweupe, darasa zima likimtazama, na alikuwa analikumbuka neno kwa neno.

3

Ilikuwa Machi, siku ya kusahihisha kobe. Tausi Lukwele alikuwa mwanachuo wa mwaka wa mwisho, binti mkimya wa huko chini kwenye kivuko, ambaye mama yake alimsomesha kwa kutega ningu na kuwakausha. Kobe wake alizunguka mtoni nusu saa, akarudi na mfuko nusu mtupu. Kobe wa wenzake walikuwa wamejaza.

"Kobe wako ameshindwa," Madam alisema.

"Hajashindwa, Madam. Nimemfundisha kuacha vingine." Tausi akafungua kiganja. Kulikuwa na kitu chororo, chembe chembe, rangi ya uji. "Haya ni mayai ya ningu. Wote wanayakusanya wakidhani ni uchafu. Yakiisha haya, ningu hawapo tena."

"Yamo kwenye mwongozo?"

"Hayamo, Madam."

"Basi, mwanangu, hapa tunafundisha mwongozo. Mambo ya kwenu utafundisha kwenu."

Darasa likacheka. Na Madam, kwa kuwa alikuwa na darasa linalocheka upande wake, na hakuna mwalimu asiyejua utamu wake, akayachukua yale mayai kwenye kiganja cha Tausi, akayatia kwenye mdomo wa kobe namba moja, akatamka kwa sauti ya mfano: "Mayai ya ningu. Kosa." Droo ikafunga. Tausi akapata thelathini na nane. Kobe wake akafunguliwa siku ile ile, spea zikagawiwa wengine, naye akaondoka chuoni bila cheti, na sanduku lake kichwani.

Kumbukumbu hiyo aliibeba mpaka ofisini kwa Mkuu wa Chuo. Mwalimu Hiza alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo na huruma, na alikuwa na furaha siku hiyo. Keshokutwa mkaguzi wa wizara angekuja kunakili mafunzo ya kobe wa Luhombe ili yasambazwe kwenye mito ya vyuo vyote nchini.

"Mkuu, mto umekufa," Madam alisema hata kabla ya kukaa. "Nimeuua mimi."

Hiza alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumbishia.

"Sasa unataka nini, Madam?"

"Niwaambie kobe wasahau."

"Wasahau yapi? Ukitamka 'futa', wanafuta yote. Sumu ya ngozi pia." Alinyoosha kidole dirishani, kule juu kilikokuwepo kiwanda cha ngozi ambacho hakuna aliyewahi kukishinda kesi. "Kuwafundisha upya ni msimu mzima. Watoto wa mjini watakunywa nini msimu mzima? Umesahau mwaka juzi tulizika wangapi? Mimi nilibeba majeneza manne, Bibiana. Yanabebwa na mtu mmoja, madogo vile."

Hakuwa amesahau. Naye alikuwepo, alishika shada.

"Mto usio na samaki," Hiza alisema polepole, "mimi nitaukubali. Mungu anisamehe."

"Na hiyo mingine? Mkaguzi akinakili, kila mto utakuwa hivi."

Hiza akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Kuna njia ya katikati," Madam akasema baadaye, zaidi kwa kujiambia. "Kusahihisha upya, kimoja kimoja. Nikimtia konokono mdomoni nikasema 'tiki', atakubali, na sumu ataendelea kuikamata. Ila nahitaji vyenyewe. Konokono hai. Ukoga. Kila kimoja."

"Utavipata wapi? Si umesema mtoni hakuna?"

4

Alirudi ofisini kwake kutafuta ripoti ya mradi wa Tausi, angalau apate orodha ya vilivyokuwemo mtoni zamani. Akavuta droo ya chini. Juu ya faili kulikuwa na bahasha ya kaki, imeandikwa kwa mwandiko ule wa ualimu, wa duara duara: *Kwa Madam B. Mzeru.* Ililetwa Mei, haijafunguliwa.

Kila mkufunzi ana droo hiyo. Barua za waliofeli huja kila mwaka, zote zinafanana: mama mgonjwa, nilikuwa na homa, naomba unifikirie. Utaratibu wa chuo, usioandikwa popote lakini unaojulikana na wote, ni kutozifungua mpaka bodi ikae, usije ukaingiwa na huruma. Bodi ilikaa Julai. Jina la Tausi halikuwasilishwa, maana hakujaza fomu ya rufaa, na barua ikabaki kwenye droo.

Akaifungua kwa ncha ya kalamu nyekundu.

*Shikamoo Madam. Natumaini u mzima. Siandiki kuomba alama, alama zimekwisha nami nimekubali. Kila Jumamosi nimekuwa nikija kwenye shimo la nyuma ya bweni na kuchambua yanayomwagwa na kobe. Vingi bado huwa hai. Nimeviweka kwenye mapipa nyumbani. Orodha nimeiambatisha. Vingine vinajitegemea, ila ningu wanahitaji hewa nyingi. Mayai yameangua, nina vifaranga mia na kumi. Naomba niazimwe pampu ya hewa ya maabara kwa miezi mitatu tu, nitaitunza. Ningu mkia mwekundu hayupo kwingine, nimekwenda mito mitatu kwa miguu nikiuliza. Ni mimi mwanafunzi wako, Tausi Lukwele.*

Chini yake orodha: vitu kumi na viwili, vimepewa namba, kila kimoja na mahali pake pa kuishi na chakula chake. Namba saba ilikuwa ningu, mayai na vifaranga.

Madam Bibiana akasimama na kwenda stoo ya maabara. Pampu zilikuwa mbili, bado zimo kwenye maboksi yake na nailoni yake. Alizibeba zote mbili, moja kila kwapa, akateremka kilima kuelekea kivukoni kwa mwendo ambao wanachuo hawakuwahi kumwona nao, na moyoni alikuwa anaomba kwa maneno ya utotoni, yale ya kuomba mvua isinyeshe, mama asijue, wawepo, Bwana, wawepo.

5

Mapipa yalikuwa nyuma ya nyumba, chini ya kipaa cha mabati, sita kwa safu. Tausi alikuwa anamwagilia maji kwenye mojawapo kwa kopo. Alipoona nani amekuja aliweka kopo chini, akapangusa mikono, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu kiti."

Hakukaa. Alikuwa bado na maboksi kwapani kama mchuuzi. Tausi aliyatazama maboksi, akayatambua, na akageuza uso upande wa mapipa.

"Barua yangu ilifika, kumbe."

"Ilifika Mei."

"Nilijua imefika. Nilimkabidhi mlinzi mkononi. Mama akasema labda imepotea, nikamwambia hapana, Madam ataifanyia kazi, yeye ni mtu wa utaratibu."

"Niliiweka kwenye droo, Tausi. Sikuifungua. Nimeifungua leo, saa nne hii." Akayakaza maboksi kwapani. "Nilidhani unaomba alama."

Tausi alikwenda kwenye pipa la kwanza akafunua kifuniko. Ndani, ukutani mwa pipa, ukoga wa kijani ulikuwa umenawiri, na juu yake konokono wadogo walikuwa wanajilia polepole. La pili lilikuwa na viluwiluwi. La tatu lilikuwa na watoto wa kereng'ende, wengine wakiwa wameshapasua ngozi na kuruka. La nne, mimea. La tano, kamba wadogo wenye rangi ya maji, huwaoni mpaka wasogee. Mto wote ulikuwemo nyuma ya nyumba ya mtu mmoja aliyefelishwa.

La sita lilikuwa limefunikwa na gunia. Madam akanyoosha mkono.

"Hilo ni tupu, Madam."

"Lini?"

"Wiki ya tatu baada ya barua. Vifaranga vya ningu vilianza kupanda juu kutafuta hewa. Tulikuwa tunapuliza kwa mirija ya soda, mimi na mama, kwa zamu. Siku tisa. Mama akazimia, nikamwambia aache. Nami siku ya kumi nikapitiwa na usingizi, nimekaa hapo hapo na mrija mdomoni." Alisema bila kulia, kwa sauti ya mtu aliyeshalia zamani. "Nilipoamka vilikuwa vimegeuka matumbo juu. Vyote."

Madam Bibiana akaweka maboksi chini. Alitaka kusema nisamehe, na alisema, ila lilitoka dogo mno, hata yeye alilisikia lilivyo dogo.

"Nimekusikia, Madam," Tausi alijibu. Hakusema nimekusamehe.

Ndani ya nyumba mama alikohoa na kuuliza ni nani. Tausi akajibu kuwa ni mgeni wa chuoni.

"Nakuomba jambo," Madam akasema mwishowe. "Si kwa ajili yangu. Keshokutwa uvilete mtoni. Wewe ndiye utakayesoma orodha na kuwafundisha. Kobe wanatii sauti yangu, nitakuazima sauti tu."

"Na alama zangu?"

"Nitaandika kwa bodi. Tisini na tano."

Tausi akatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza, tabasamu la uchungu. "Tano umekatia wapi, Madam?"

Madam hakujua kama acheke au alie. "Mazoea, mwanangu," akasema. "Nitaandika mia."

6

Mkaguzi wa wizara, Bwana Shempemba, alifika asubuhi na mapema na sanduku lake la kunakilia. Alikuta ukingo wa mto umejaa wanachuo, mapipa matano yamepangwa mchangani, na mkufunzi aliyesifiwa nchi nzima amesimama ndani ya maji mpaka magotini, viatu kavivua.

"Madam, hongera sana. Maji gani haya! Nasubiri tu useme neno 'nakili', tumalize."

"Sitalisema."

Alimweleza mbele ya wote. Hakuficha kitu, hata lile la "mambo ya kwenu". Mwalimu Hiza alikuwa nyuma, anatazama viatu vyake.

"Mto safi kuliko yote nchini," Shempemba alisema, "nawe unaniambia mradi umefeli?"

"Nimefeli mimi. Andika hivyo. Kila mto ufundishwe na watu wanaoufahamu, na mwongozo uandikwe mwisho, si mwanzo. Na lile swali la 'vinginevyo', yeyote atakayeulizwa aseme sijui."

Shempemba akafunga sanduku. Hakufurahi, ila hakuondoka. Alitafuta kiti akakaa kutazama, na hapo alijipatia heshima.

Kobe namba moja akasogezwa ukingoni. Kwanza Madam akamwinamia: "Kobe. Vinginevyo vyote: sijui. Usipokijua kitu, kiache." Kobe akanguruma kidogo, akakubali, na tap-tap-tap zikaanza kwenda kwa wenzake. Kisha Tausi akafunua karatasi ya orodha, akasoma kwa sauti tulivu ya mwalimu aliyezaliwa kuwa mwalimu.

"Namba moja. Ukoga wa kijani."

Akautia mdomoni mwa kobe. Madam akasema, "Tiki." Kobe akautoa, akaurudisha mtoni, ukashuka polepole mpaka kwenye jiwe. Wanachuo wakapiga makofi. Namba mbili, konokono. Tiki. Namba tatu, viluwiluwi. Tiki. Wale watoto wa darasa la nne walikuwa wamepewa ruhusa ya kuja, na msichana mwenye pengo alikuwa mbele kabisa, anataja kila kinachoingia majini. "Konokono yupo! Huyu naye yupo!" Namba nne. Tano. Sita.

"Namba saba," Tausi akasoma, na sauti ikashuka. "Ningu. Mayai na vifaranga."

Kobe akafungua mdomo. Droo ikakaa wazi, inangoja. Tausi hakuwa na kitu mkononi. Madam naye hakuwa na kitu.

"Sampuli haipo," kobe akasema.

"Tiki," Madam akasema. "Kobe, nisikilize. Mayai ya ningu, tiki."

"Sampuli haipo. Usahihishaji wa zamani unabaki."

Lile la vinginevyo halikusaidia, maana ningu hakuwa kwenye vinginevyo. Alikuwa ametajwa kwa jina, siku ile ya Machi. Hata kama vijito vya juu milimani vilikuwa vimeficha ningu wawili watatu, na wakashuka siku moja kutaga, kobe mia mbili na kumi wangeyakusanya mayai yao mpaka la mwisho, popote mtoni, kwa amri yake yeye. Njia ya kuiondoa amri hiyo ilikuwa moja tu. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Futa.

Madam akamtazama Tausi. Tausi alikuwa anamtazama yeye, na macho yake hayakumwomba wala kumzuia. Nyuma yao yule msichana, kwa kuona mambo yamesimama, alichutama, akachota maji kwa viganja viwili, akanywa, akajifuta kidevu kwa mkono wa sweta. Hakuna aliyemkataza. Maji yalikuwa salama, ilikuwa miezi mingi hakuna aliyezikwa.

Madam Bibiana alifungua mdomo, akaufunga.

"Endelea, mwanangu," alisema.

"Madam, una hakika?"

"Sina. Endelea."

Tausi akainama kwenye karatasi, lakini kobe alikuwa bado hajamaliza. Kwa utaratibu aliofundishwa, kila swali lililokosa sampuli ni lazima alisome jibu lake lililopo, kwa sauti, ili wote walisikie. Akasoma kwa ile sauti ya Machi, iliyojaa uhakika na darasa linalocheka nyuma yake.

"Mayai ya ningu," kobe akasema. "Kosa."

Droo ikafunga.